Picha ya Kreta na Picha ya Mtu

Siku za sikukuu mzazi wa Unguja humpeleka mtoto wake Kariakoo, na wa Pemba humpeleka Tibirinzi. Mtoto hupanda bembea, akifika juu hupunga mkono, na mzazi aliye chini humpiga picha. Hapana wa kulalamika. Bembea ile imejengwa ili watu wafurahi, na anayepigwa picha ndiye aliyeomba apigwe.

Tumelitaja jambo hili dogo kwa kuwa wapo wageni, na wananchi wenzetu pia, wanaokwenda Ngorongoro kwa moyo uleule wa Kariakoo, kana kwamba kila kilichopo huko kimewekwa kwa ajili ya kamera zao.

Safari huanzia Karatu, ambako wageni wengi hulala. Asubuhi magari huyaacha mashamba ya ngano na kahawa, yakapita lango la Lodoare, yakapanda ndani ya msitu wenye ukungu mpaka ukingoni mwa kreta. Atakayefika pale asipige picha ni mtu wa ajabu. Chini yake, kiasi cha mita 600, limetandaa bonde la kilomita za mraba 260 hivi, na Ziwa Magadi likimeta katikati, na tembo akionekana mdogo kama sisimizi. Picha hiyo haimdhuru mtu. Tena picha zimeleta kheri: filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959, ilisaidia sana kuzitangaza nyika zile ulimwenguni. Michael alikufa katika ajali ya ndege mwanzoni mwa mwaka huo, na kaburi lake liko hapo ukingoni. Filamu ya Royal Tour, aliyoshiriki Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa visiwa hivi, ilizinduliwa mwaka 2022 kwa shabaha ya kuitangaza nchi.

Tatizo huanza pale kamera inapogeuzwa kutoka bondeni. Kando ya barabara husimama vijana wa Kimaasai waliovaa nguo nyeusi, nyuso zao zimechorwa kwa rangi nyeupe. Hao wametoka kutahiriwa karibuni, nao wamo katika muda wa mila wenye maana yake na miiko yake. Gari hupunguza mwendo, dirisha hufunguliwa, noti hutolewa, picha hupigwa, gari huondoka. Wengine hata noti hawatoi. Mgeni huondoka bila kulijua jina la kijana aliyempiga picha, wala sababu ya rangi ile usoni. Na kijana naye amejifunza kwamba jando lake lina thamani zaidi barabarani kuliko nyumbani.

Tuwaulize wasomaji wetu wa visiwani: nani kati yetu angeridhia mwali wake aliyewekwa ndani atolewe, asimamishwe njia ya Paje, apigwe picha na kila apitaye? Lakini nasi hatujasalimika. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani hupigwa picha wakiwa wameinama majini, nguo zimelowa. Wazee wa Mji Mkongwe hupigwa picha barazani kwao bila hata salamu. Salamu, jambo lisilogharimu senti moja!

Itajibiwa kwamba vijana wale hujitokeza wenyewe, na kwamba fedha huwasaidia. Ni kweli, wala hatutaki wafukuzwe kwa fimbo. Lakini mtu hukubali bei ndogo pale anapokosa pa kudai kubwa. Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa mwaka 1974. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni, wakazi wa Ngorongoro waliojiandikisha, na wapo wengine walioupinga mpango huo. Hoja hiyo ni nzito kuliko nafasi tuliyo nayo leo. Ila haipendezi hata kidogo kwamba watu ambao makazi yao yanabishaniwa, sura zao zinatumika kuuza safari bila ya wao kuulizwa.

Kwa hiyo twaiomba Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar kwa upande wetu, zimweleze mgeni waziwazi, tangu langoni na bandarini, kwamba kiingilio alicholipa ni cha kuona bonde, wanyama au majengo. Sura ya mtu haimo. Waongozaji wafunzwe kuomba idhini kabla kamera haijainuliwa, na dereva asisimamishe gari barabarani kwa ajili ya vijana wale. Yapo maboma ambako mgeni hulipa, akakaribishwa, akapiga picha kwa ruhusa. Huko ndiko apelekwe, na hesabu za fedha hizo zisomwe mbele ya wanakijiji wote. Bei nayo ibandikwe hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, mwenye sura aijue kabla ya mwenye kamera.