Bakteria inaweza kusaidia, haiwezi kulipa deni ya mwenye kuchafua

Wandugu raia,

Sisi ni vijana wa Musumba na Kolwezi. Wengi kati yetu tumemaliza chuo kikuu: biolojia, kilimo, kemia. Diploma tuko nayo, kazi hakuna. Basi tunasoma. Na juzi tumesoma habari ya bahari, sisi ambao hatuna bahari, tukaona inatuhusu kabisa.

Matumbawe ya bahari si mawe. Ni wanyama wadogo sana wanaojenga pamoja nyumba ya chokaa, na samaki wengi wanazalia na kujificha humo. Mayi ya bahari ikipata moto kupita kawaida, hata digrii 1 tu kwa majuma kadhaa, matumbawe yanafukuza mimea midogo inayoishi ndani yao na kuyalisha. Yanabaki meupe, na mengi yanakufa. Mwaka 1998 hiyo hasara ilipiga pwani ya Kenya na Tanzania.

Sasa wanasayansi wanajaribu kuyasaidia kwa bakteria. Mwaka 2021 kundi la Raquel Peixoto, mwanasayansi wa Brazili, lilitangaza matokeo: walichukua bakteria nzuri kwenye matumbawe yenyewe, wakazikuza, wakazirudisha. Ndani ya matangi yenye mayi moto, matumbawe yaliyopewa bakteria yalipona kwa 40% zaidi. Kisha wakatoka mu matangi, wakaingia Bahari ya Shamu, upande wa Saudi Arabia. Mwaka 2024 walionyesha kwamba kuweka bakteria mara 3 kwa juma, kwa miezi 3, kunabadilisha jamii ya vijidudu vya matumbawe bila kuonekana kugusa mayi na mchanga wa jirani.

Ni kazi ya maana, tunaipigia makofi. Lakini bakteria haipunguze moto wa bahari. Inampa mgonjwa nguvu ya kungoja. Kama wenye kupasha dunia moto wanaendelea, siku moja hiyo nguvu itaisha.

Turudi hapa kwetu. Mgonjwa wetu ni udongo na mto. Utafiti uliotangazwa 2013 ulipima Luilu na Musonoie, karibu na Kolwezi, ukakuta shaba na kobalti mingi mu mayi na mu matope. Bamama wanaolima kando ya mito hawakungoja huo utafiti. Mmoja alituonyesha lengalenga yake: majani ya manjano, mizizi mifupi. Alituuliza, «Nyinye mulisoma, munisaidie nini?» Tulinyamaza. Hiyo swali njo imetufanya tuandike.

Jibu linaanzia chini ya udongo. Maharage na karanga zinaishi na bakteria mu mizizi, zile zinazotengeneza vile vifundo vidogo na kulisha mmea. Shaba ikizidi, hizo bakteria zinaumia, na mmea unabaki peke yake. Lakini juu ya vilima vya shaba vya Katanga kuko majani yanayoishi fasi ambapo mahindi hayawezi. Mwaka 2010 wachunguzi, pamoja na wa Lubumbashi, walitangaza jaribio la miaka 2: aina 3 za majani ya kwetu, kwenye udongo waliotia shaba, pamoja na mbolea ya takataka ao chokaa. Aina moja, Rendlia altera, iliishi vizuri kuliko zingine hata bila kusaidiwa. Na chokaa, kilo 0.2 tu kwa kila mita ya mraba, ilipunguza shaba iliyoingia mu majani kuliko mbolea.

Sasa muone shida. Bakteria za matumbawe zilitolewa kwenye matumbawe ya pale pale. Na sisi, tukitaka vijidudu vilivyozoea shaba, tutavitafuta kwanza kwenye mizizi ya majani ya vile vilima. Ni vilima hivyo hivyo vinavyochimbwa kila siku. Zaidi ya aina 30 za mimea yake hazipatikani fasi ingine duniani. Kilima kikikatwa, na dawa inaenda pamoja na udongo ndani ya kamio.

Watu watatuambia: muache siasa, mupande miti, mutie bakteria, mazingira itapona. Hapana. Tutapanda, lakini hatutakubali dawa itumiwe kama ruhusa. Ukimpa mtu dawa ya kuhara na kesho unamletea mayi ile ile chafu, haujamuponya.

Kwa hiyo tunadai:

1. Matokeo ya vipimo vya mayi na udongo yabandikwe mbele ya raia, mu Kiswahili, kila miezi 3. Asiyekubali kupimwa, tujue sababu.

2. Kila kilima cha shaba ambacho hakijakatwa kihesabiwe, na sehemu yake ilindwe. Kabla ya kuchimba, mbegu na udongo wa mizizi vichukuliwe na kuhifadhiwa.

3. Sheria ya madini ya 2018 inataka angalau 0.3% ya mapato ya mauzo ya kila kampuni ya kuchimba iende kwa miradi ya maendeleo ya raia. Sehemu ya pesa hiyo ijenge shamba la majaribio na maabara ndogo hapa Lualaba: majani ya kwetu, chokaa, mbolea, bakteria za kwetu. Vijana wenye diploma wafanye kazi humo, na bamama walimaji wakae mu kamati.

4. Mwenye kuchafua asafishe kwa mfuko wake. Ile 0.3% ni haki ya raia, haiko sabuni ya kampuni.

Barua yenye madai haya tutaipeleka kwa wakubwa wa jimbo, mu Kolwezi. Wewe uliye na shamba kando ya mto, tuletee jina la fasi yako na uliyoyaona, tuyaandike pamoja. Na yule mama wa lengalenga tutarudi kwake. Tunataka safari hii tuwe na kitu cha kumujibu.

Sisi vijana raia wa Lualaba,
Musumba