Kilichouza Sola ni Finje

Wasee, kila mwaka kuna mtu analeta kitu kipya cha nishati: taa za sola, jiko la stima, pikipiki ya betri. Anamwaga kizungu cha wati na kaboni, halafu anashangaa watu hawanunui. Anasema watu wa mashinani wanaogopa teknolojia.

Mimi nakataa. Mama anayeuza ndizi hapa soko la Marani haogopi sola. Yeye hupata kidogo kila siku, na wewe unataka pesa yote leo.

M-KOPA walielewa hiyo. Waliingia sokoni 2012. Wakati mmoja uliweka karibu 3,000 kwanza, halafu finje kila siku kwa mwaka mmoja, hela ambayo wengi walikuwa wakichoma kwa mafuta ya taa. Ulilipa kwa M-Pesa, ambayo watu walikuwa wameizoea tangu 2007. Ukikosa kulipa, taa zinazimwa. Ukimaliza, mali ni yako.

Lakini pigeni hesabu. Niliacha chuo, ila hii naijua: finje mara siku 365 ni 18,250, juu ya ile ya kwanza. Huo ni mkopo. Muuzaji ataje jumla yote kabla mtu hajaweka PIN.

Kwa hivyo wewe unayeunda mtambo wako, uliza kwanza: huyu mteja anatumia ngapi sasa, na anazipata lini? Kama hujui, bado huna biashara. Una mtambo tu.