Msimu ukifutwa, silaha zinaenda wapi?

LIGI ikimalizika, jedwali linafutwa. Bingwa aliyetamba mwaka mzima na yule aliyeponea chupuchupu kushuka daraja, wote wanaamka siku ya ufunguzi wakiwa na sifuri. Hakuna shabiki anayelalamikia hilo, tena ndiyo raha yenyewe ya msimu mpya. Aliyelia Mei anaruhusiwa kuota tena Agosti.

Lakini kinachofutwa ni pointi, si wachezaji. Hakuna anayegonga hodi Jangwani au Msimbazi na kusema: rudisheni wachezaji wote, kikosi kinaanza upya kwa vijana wa akademi. Siku atakayejaribu, mji hautakalika.

Kwenye gemu za mtandaoni siku hiyo ipo, na inakuja kila mwaka. Wanaoijua vizuri ni vijana wanaocheza EA Sports FC upande wa Ultimate Team, ambako mtu anajenga kikosi chake kadi moja moja tangu Septemba. Anaanza na wachezaji wa kuungaunga wa alama 70 na ushee, anakesha, anauza, ananunua, na kufikia Juni ana safu nzima ya watu wenye alama 95 kwenda juu. Septemba inarudi, gemu mpya inatoka, naye anarudi kwenye kuungaunga. Kikosi cha mwaka jana hakifutwi siku ileile. Kinabaki kwenye gemu ya zamani kama timu iliyosajili nyota halafu wapinzani wote wakahamia ligi nyingine.

Huu si uvumbuzi wa watu wa soka. Watu wa gemu za mashujaa, zile ambazo maelfu wanaingia kwenye dunia moja, kila mtu na mhusika wake, upanga wake na dirii yake, walizoea zamani kuona jasho lao likishuka thamani. Kabla ya kuhukumu kinachotokea kwenye gemu ya mpira, ni vizuri kusikia kilichowakuta wao.

World of Warcraft ilitoka Novemba 2004. Utaratibu wake ni rahisi kueleweka hata kwa asiyewahi kushika kompyuta. Kila silaha, kofia, pete na buti ina namba. Namba ikiwa kubwa unapiga zaidi na unavumilia zaidi. Kila zana ina rangi ya daraja lake: kijani ni ya kawaida, bluu ni nzuri, zambarau ni ya wakubwa. (Kijani hapa haina uhusiano wowote na Jangwani, wenyewe msianze.) Ili upate zana za zambarau unaingia na kundi kwenye ngome yenye majitu mazito, mnalipiga jitu, linaangusha vitu viwili vitatu, mnagawana. Wiki ijayo mnarudi tena.

Juni 2006 ilifunguliwa ngome ya Naxxramas. Ilitaka watu 40 kwa wakati mmoja. Si 11, ni 40, kila mmoja kwake, na akizembea mmoja wote mnalala. Ndani yake kulikuwa na joka aitwaye Sapphiron ambaye kwa ajili yake peke yake kundi lilipaswa kutafuta mavazi maalumu ya kuzuia baridi. Fikiria kocha anayeshona jezi mpya kwa kikosi kizima kwa sababu ya mechi moja ya ugenini. Makundi machache mno duniani yalifika hadi bosi wa mwisho, Kel'Thuzad. Kwa waliofika, silaha walizotoka nazo zilikuwa kombe lenyewe. Ukisimama nazo mjini, watu wanasimama kukutazama.

Miezi saba baadaye, Januari 16, 2007, kampuni ya Blizzard ikatoa nyongeza ya The Burning Crusade. Ngazi ya juu ikapanda kutoka 60 hadi 70, na nchi mpya ikafunguliwa. Mchezaji aliyekuwa hajawahi kukanyaga ngome yoyote alivuka geti, akatumwa kuua nguruwe pori, akazawadiwa zana ya kijani. Kijani ile ilizipiga kumbo bluu alizokuwa akizihenyea mwaka mzima, na ikaanza kuzisogelea hata zambarau za wakubwa. Waliotoka Naxxramas walidumu na zana zao muda kidogo zaidi, lakini nao kabla ya kufika ngazi ya 70 walishaanza kuzivua moja moja na kuziweka benki kama picha za harusi.

Kuna waliosusa. Jasho la usiku 100 linapitwaje na zawadi ya nguruwe? Malalamiko hayo yana haki yake, lakini hayakuwa na haki yote. Bila ufutaji ule, aliyeanza kucheza 2007 angewakimbiza wa 2004 maisha yake yote bila kuwafikia. Dunia ingebaki na wazee 40 wenye zambarau na uwanja mtupu. Mpira unalijua hili. Leicester City ilimaliza ya 14 Uingereza msimu wa 2014/15, na mwaka uliofuata ikawa bingwa. Kama pointi za miaka ya nyuma zingekuwa zinajumlishwa, wale jamaa wasingekuwa na habari ya kusimulia.

Kwa hiyo kuanza upya si dhambi. Kinachotakiwa kuulizwa ni vitu viwili: unaanza upya kila baada ya muda gani, na njia ya kurudi juu inapita wapi, kwenye kiwango cha mchezaji au kwenye mfuko wake.

Kwenye la kwanza, kasi imeongezeka bila breki. Zamani World of Warcraft ilingoja karibu miaka miwili kubadilisha dunia. Siku hizi nyongeza moja inakatwa vipande vya misimu, na kila msimu unapandisha namba za zana, hivyo ya juu kabisa ya msimu huu inakuwa ya kuanzia ya msimu ujao. Namba zikapanda mpaka zikawa kichekesho. Mwaka 2014 Blizzard ililazimika kuzikata zote zirudi kuwa ndogo, na 2020 ikakata hata ngazi za wahusika, wa 120 akawa 50. Ni kama nchi inayofuta sifuri kwenye noti zake.

Kwenye la pili ndiko mambo yanakochacha. Nyongeza ile ya 2007 ilileta pia uwanja wa mapambano wa wachezaji kwa wachezaji, wawili kwa wawili, watatu kwa watatu, watano kwa watano, kwa misimu yenye msimamo wake. Wazo zuri. Kasoro ilikuwa kwenye zawadi: anayeshinda anapewa silaha bora, na kwa silaha bora anashinda zaidi. Ni sawa na kumwambia bingwa kuwa msimu ujao ataanza kila mechi akiongoza bao moja. Ajabu ni kwamba wenye gemu walilijua hilo. Walipoandaa mashindano rasmi ya pesa, walifungua seva maalumu ambako kila mshiriki alichukua zana yoyote aitakayo bila kuihenyea. Maana yake walikubali kwamba mkitaka kujua nani fundi, silaha lazima zilingane. Wale wa kawaida, wanaolipa ada kila mwezi, waliachwa wapambane na aliyetangulia.

Wapo waliokataa mchezo huo tangu mwanzo. Guild Wars 2 ya kampuni ya ArenaNet ilitoka Agosti 28, 2012. Ukiingia kwenye viwanja vyake vya mapambano, mgeni wa jana na mkongwe wa miaka 10 wanapewa ngazi sawa na nguvu sawa za zana. Atakayekufunga amekufunga kwa mikono yake. Hata nje ya viwanja hivyo, ngazi ya juu ilikuwa 80 siku ya kwanza na haijapandishwa. Novemba mwaka uleule waliongeza daraja moja jipya la zana, wachezaji wakawajia juu kwamba nao wameanza yaleyale. Tangu hapo hakuna daraja lenye nguvu zaidi lililowekwa juu yake. Aliyetengeneza upanga wake 2012, akaenda kuoa, akarudi na watoto watatu, anaukuta bado una makali. Kampuni inaishi kwa kuuza nyongeza za hadithi, urembo na vitu vya kurahisisha maisha, na haijafa njaa.

Sasa turudi kwenye mpira.

Ultimate Team ilianza Machi 2009 kama kiongezeo cha FIFA 09. Ndani yake kuna kila kitu cha World of Warcraft, ila upanga umekuwa mshambuliaji. Kadi ina namba, ina rangi, ina daraja. Januari inakuja Timu ya Mwaka, kuelekea mwisho wa msimu inakuja Timu ya Msimu, na kila sherehe inasukuma namba juu, hivyo mchezaji uliyemnunua kwa taabu Novemba, Machi anakaa benchi. Jasho lipo pia. Mashindano ya wikiendi yalipoanza kwenye FIFA 17, mtu aliruhusiwa mechi 40 kati ya Ijumaa na Jumapili. Kwa dakika sita kila kipindi, hizo ni saa nane za mpira mtupu bila kuhesabu mapumziko, marudio ya mabao na wapinzani wanaokata mtandao wakifungwa. Baadaye zilishushwa hadi 30, kisha 20, na ilikuwa haki.

Tofauti ni mlango wa pembeni. Kwenye Naxxramas hukuweza kwenda dukani kwa wenye gemu ukanunua upanga wa Kel'Thuzad. Kwenye Ultimate Team unanunua paketi kwa pesa halisi, na hujui ndani kuna nani. Inaweza kutoka nyota wa dunia, inaweza kutoka beki wa akiba wa daraja la pili Ujerumani. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, EA iliingiza dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team kwenye gemu zake za michezo, zaidi ya robo ya mapato yote ya kampuni.

Serikali za Ulaya zilishtuka. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku na paketi za aina hii ni kamari, na mwishoni mwa Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Uholanzi ikapiga faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ikaifuta kwa hoja kwamba paketi ni sehemu ya gemu kubwa inayotaka ujuzi, si mchezo wa bahati unaosimama peke yake. Wanasheria waendelee kubishana. Shabiki wa kawaida anajua tofauti ya kubeti na kununua jezi: jezi unaiona kabla ya kulipa.

Haki itendeke kwa EA pia. Tangu FIFA 19 inaonyesha uwezekano wa kupata kadi nzuri kwenye paketi. Juni 2021 ilijaribu paketi unazochungulia kabla ya kununua. Kwenye EA Sports FC 24, gemu ya kwanza baada ya kuachana na jina la FIFA, ilileta utaratibu wa kumkuza mchezaji wako unayempenda ili asiachwe na wakati. Hizo ni hatua. Ila kadi uliyoikuza kwa miezi tisa nayo inabaki kwenye gemu ya zamani Septemba ikifika, na kuchungulia hakujawa sheria ya paketi zote.

Wanaosema kijana ajitawale, hakuna aliyemlazimisha, wanasema nusu ya ukweli. Anayenunua paketi Oktoba atafaidi mwaka. Anayenunua Julai ananunua wiki chache, kwa bei ileile ya pointi, na hakuna kinachomkumbusha. Maziwa ya dukani yanaandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Paketi ya Mbappé haiandikwi.

Kwenye vibanda vya gemu mitaani jambo hili halijafika sana, na pengine ndiyo maana vinajaa. Pale unalipia mechi, unachagua Real Madrid, mwenzako naye anachagua Real Madrid, na atakayefungwa anaachia padi. Hakuna mwenye Real Madrid nzito kuliko ya mwenzake. Lakini simu zimeshaingia, malipo ya simu yameshaingia, na mdogo mtu anajua namba ya siri ya kaka yake.

Kampuni zinazouza msimu ziandike kwenye kila paketi siku ambayo kikosi hicho kitapitwa na gemu mpya. Paketi zote zichunguliwe kabla ya kulipiwa. Mechi za ushindani, angalau upande mmoja wa gemu, zichezwe kwa vikosi vya nguvu sawa, kama ArenaNet wanavyofanya tangu 2012. Na miezi miwili ya mwisho kabla ya gemu mpya, duka la paketi za pesa lifungwe, zibaki zile za kushinda uwanjani.