Alianza na vyungu, akaishia kwenye santuri

Wiki hii nina kesi ya hapa hapa Ivuna. Juzi gulioni binti mmoja muuza chumvi alikuwa anapima huku anaimba. Ana sauti, acha kabisa! Mshikaji mmoja akaropoka: "We dada, pima chumvi, kuimba waachie wenye sura zao." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi, nisifiche, nilicheka. Binti akanyamaza kimya.

Usiku nikamkumbuka Siti binti Saad, nikaona aibu.

Huyu mama alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, kwenye familia yenye asili ya utumwa. Hata jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa! Alikuwa akitembeza vyungu mpaka mjini kwa miguu, anavinadi kwa sauti hiyo hiyo. Shule hakusoma. Sura yake ndiyo usiseme, wabaya wake waliitungia hadi nyimbo za kejeli.

Mwaka 1911 hivi akahamia mjini, akafundishwa kuimba, akaungana na wapigaji kama Subeti bin Ambari na Maalim Shaaban. Enzi hizo taarabu ya wakubwa ilikuwa Kiarabu. Yeye akaimwaga kwa Kiswahili, mchukuzi na mpishi wakaelewa. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ikampeleka na wenzake Bombay kurekodi. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri. Si mchezo!

Na hakuimba mapenzi tu. Aliimba kisa cha Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatoroka, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiishia kifungoni. Mtu aliyeitwa Mtumwa anaisema mahakama ya wakubwa!

Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake, na Bi Kidude akaziimba nyimbo zake mpaka uzeeni, kabla hajafariki mwaka 2013. Wale waliomcheka sura, leo nani anawajua kwa majina?

Basi gulio lijalo nakwenda kununua chumvi, hata kama nyumbani ipo tele. Nikimkuta yule binti anapima kimya kimya, wasomaji wangu, tusimtafute mchawi. Ni sisi.

Haya, tukutane wiki ijayo!