Tufe za Ayr na maziwa ya Ayrshire

Mwaka 2004 mji wa Ayr, kusini-magharibi mwa Scotland, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya wanaume ya mchezo wa kuviringisha tufe kwenye nyasi. Si tufe la riadha. Hili husukumwa taratibu kulifuata tufe dogo jeupe. Steve Glasson wa Australia alitwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja. Kwa kurasa za michezo habari iliishia hapo, lakini kwa mkulima ina mengi zaidi.

Ayr imejaliwa mandhari: mbele ni bahari na kisiwa cha Arran, nyuma ni malisho yanayonyweshwa na mvua. Huko Ayrshire ndiko asili ya yule ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka mekundu na meupe ambaye wafugaji wa Kenya na wa kaskazini mwa Tanzania wanamfahamu vizuri. Kwenye udongo wa kichanga wa pwani hulimwa viazi vya mapema, na Juni vinachimbwa, majira yale yale wageni wa kiangazi wanapowasili. Hata kiwanja ni zao la shamba. Kwa miaka mingi viwanja bora vya mchezo huo Uingereza vilitandikwa nyasi zilizokatwa vipande kwenye tambarare za chumvi za pwani, zikiwamo za Solway, kusini mwa hapo. Ardhi isiyofaa ngano ikawa na soko.

Kwamba mkulima na mgeni wamefungwa kamba moja, Waingereza walikumbushwa kwa uchungu mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipolipuka, mifugo zaidi ya milioni 6 iliuawa na njia za matembezi mashambani zikafungwa. Hasara ya sekta binafsi ilizidi pauni bilioni 5, na utalii ndio ulioumia zaidi. Mfugaji alilipwa fidia ya ng'ombe wake. Mwenye nyumba ya wageni hakuwa na fidia kama hiyo kwa vitanda vilivyokaa bila mtu.

Kwa hiyo wanaosema mashindano ya aina hii ni anasa isiyomhusu mkulima wanakosea. Wanaodai kwamba fedha za wageni zitamfikia zenyewe wanakosea zaidi. Mgeni akilala nyumba ya mkulima na kunywa chai kwa maziwa ya jirani, fedha yake inazunguka kijijini. Akila siagi iliyoletwa kwa ndege, imekwisha ondoka kabla hajamaliza kifungua kinywa.

Moshi nayo ina mbio zake za marathoni kila mwaka chini ya Mlima Kilimanjaro, na migombani kuna ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Wakimbiaji huja kwa siku chache, tena tarehe inajulikana mapema. Hoteli haiwezi kununua lita tano tano kwa wafugaji arobaini, kila mmoja na ndoo yake. Inataka maziwa yaliyopimwa na kupozwa, yafike saa kumi na moja alfajiri bila kukosa. Kazi hiyo ni ya chama cha ushirika chenye tangi la kupozea na mkataba uliosainiwa miezi kadhaa kabla. Halmashauri inayotenga fedha za mabango ya kuwakaribisha wanariadha ingetenga kwanza za tangi hilo, kwa sababu mabango huteremshwa Jumatatu, na ng'ombe hukamuliwa siku hiyo hiyo kama kawaida.