Simu Yako Si Skana, Wacheni Kudanganyana

Nikisema hii kitu kwa grupu ya familia naambiwa najifanya mjuaji, basi naisema hapa. Kupiga picha ya zamani kwa simu si kuihifadhi. Unajidanganya tu.

Mwaka jana tulizika shosho. Picha yake ya ujana ilikuwa moja tu, ile ya studio, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Kuna mtu aliwahi kuipiga na simu akaituma WhatsApp, halafu ile yenyewe ikapotea tukihama nyumba. Tulipoipanua ijae karatasi ya A4, uso ukavunjika vipande vipande. Kwa paji kulikuwa na mng'ao wa balbu, na kwa shingo kivuli cha mkono wa aliyepiga. Hiyo ndiyo picha iliyowekwa juu ya jeneza. Mathe hakusema kitu, lakini nilimwona akiigeuza pembeni.

Kwa skana ya kioo, picha inalala bapa, taa inapita chini yake ikiisoma mstari kwa mstari. Hakuna kivuli, pembe hazipindi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa dpi 600 unapata karibu pikseli 2,360 kwa 3,540, na hiyo inatosha A4 safi kabisa. Cheti cha kuzaliwa, 300 yatosha. (Slaidi ni hadithi nyingine: zinataka 2,400 kwenda juu, na skana yenye taa kwa kifuniko. Ya kawaida itakupa giza tupu.) Ukimaliza, tafadhali, tuma kama faili, maana WhatsApp ikiichukua kama picha inaikamua.

Najua mnachotaka kusema: "Skana ni za wenye pesa." Ebu angalia ile printa hapo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kushona kama kochi. Wino ulikauka zamani, sawa, lakini kioo kilikauka? Nyingi bado zitaskani. Chache hugoma bila wino, na hizo kwa kweli ni wizi wa mchana.

Kama hamna, nenda saiba, lakini usiache picha hapo ukaenda kununua smokie. Jamaa wa saiba amezoea vitambulisho. Atakuskania nyeusi na nyeupe, kwa dpi ya chini, na kioo kina alama za vidole. Mwambie apanguse. Mwambie rangi, 600. Akikunja uso, simama tu hapo.

Jumamosi naanza na albamu ya mathe, ile ya kurasa za gundi. Zilizoshikana sizivuti, zitararuka. Nitalaza ukurasa mzima kwa kioo. Na wewe anko, lile sanduku la bati chini ya kitanda chako, nalijia Jumapili.