Kikohozi si korona tu





Korona ilipotangazwa kuwa janga la dunia, Machi 11, 2020, kila aliyekohoa alitazamwa kwa hofu. Jirani yangu, mzee mvuta tumbaku, alikohoa miezi mitano akijificha asije akatengwa. Alipokwenda hospitali alipimwa makohozi. Kifua kikuu hakikuonekana, akapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa nyumbani. Picha ya eksirei ilipigwa mwaka 2021, alipokwisha anza kutema damu. Ilikuwa saratani ya mapafu, nayo imekwisha enea. Tulimzika kabla ya mavuno.

Hata Uingereza, Machi hiyo hiyo, wenye kikohozi kipya waliagizwa wakae nyumbani, na kumbe saratani hii nayo mara nyingi hujitangaza kwa kikohozi.

Dharura ya korona iliondolewa Mei 2023, lakini mazoea ya kujificha yamebaki. Wananchi wenzangu, kikohozi kikizidi wiki mbili, nendeni mkapimwe. Nanyi ndugu waganga, makohozi yakiwa safi kazi haijaisha. Mpelekeni mgonjwa eksirei.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.